Siku Tuliyomficha Baba Matokeo

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula hapa Hopkins, nimebeba maziwa na mkate, simu nimeizima tangu asubuhi. Mechi nilikuwa nimepanga kuitazama saa kumi jioni, nikishamaliza kufua. Kijana wa kwenye kaunta, mzungu wa hapahapa Minnesota na adabu zake zote, akaona jezi yangu chini ya koti. Akanipa pole, kisha akanitajia mabao yote matatu na dakika zake. Nililipa nikamshukuru, maana nimelelewa vizuri, lakini njia nzima hadi kwenye gari nilikuwa namsonya kimoyomoyo.

Najua utaniambia nifurahi kwamba mpira umekua Marekani. Nimefurahi, ndugu yangu. Saint Paul kuna uwanja mzima wa kandanda, na watoto wanakwenda shule wamevaa jezi za Ulaya. Ila sisi tuliokulia hapa zamani kidogo tunajua jambo moja ambalo vijana hawa hawatalijua: hii ilikuwa nchi nzuri kuliko zote kwa mtu asiyetaka kuambiwa matokeo. Kenya ungeyasikia hata kama umejifungia chooni. Hapa ungeweza kushinda kutwa katikati ya watu, kazini, dukani, kwenye kituo cha mafuta, na asitokee hata mmoja wa kukuharibia. Hawakujua, na wala hawakuwa na haja ya kujua.

Tulikaa Brooklyn Park, ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo ngazi zake zilinukia vitunguu vya kukaangwa kila jioni. Baba alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akiwaogesha, akiwalisha, akiwainua kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Mama alifanya kazi hospitalini, na zamu zao zilipishana mlangoni. Baba hakuwa mtu wa anasa. Pombe hakunywa, na nguo zake alinunua mama. Alichojipa ni dishi lililofungwa kwenye kibaraza, pamoja na timu moja ya Uingereza ambayo siitaji jina kwa sababu wenyewe wana vidonda vya kutosha.

Zamu ilipoangukia kwenye mechi, mechi ilirekodiwa kwenye kanda ya video, na hapo sheria ilianza kufanya kazi. Asitazame mtu. King'amuzi kiachwe kwenye chaneli yake, televisheni izimwe, mashine ya video irekodi peke yake. "Uso wako ni gazeti," baba aliniambia. "Nikiingia tu mlangoni nitasoma kila kitu." Kwa hiyo ilikuwa heri nisijue, nisije nikachapisha.

Aliyenifundisha kutega saa ya mashine hiyo ni mzee wa ghorofa ya chini, Mmarekani mstaafu, mpenzi wa ule mpira wao wa kukumbatiana na kuangushana. Bendera ya zambarau ya timu yake ilining'inia kibarazani mwaka mzima, hata miezi ambayo hakuna anayecheza. Jumapili za vuli alitukaribisha kwake, tukala mabawa ya kuku yenye pilipili na kutazama naye. Nilijitahidi sana. Wanacheza kufumba na kufumbua, wanasimama kufanya kikao, halafu linakuja tangazo la gari. Baba alimwambia kwa upole kwamba hata kamati ya ujenzi ya kanisa letu haina vikao vingi namna hiyo. Mzee naye alipanda kwetu siku moja, akatazama dakika tisini zilizoisha sufuri kwa sufuri, akamwona baba anajifuta jasho, akauliza kwa dhati kabisa kama kuna kitu kimetokea yeye hakukiona. Walipendana mno hao wawili.

Basi mwaka nilipokuwa na miaka kumi, timu ya baba ikaingia fainali ya kombe ambalo haikuwa imelichukua tangu yeye akiwa mwanafunzi kule Nyahururu, Kenya. Fainali ilikuwa Jumamosi saa tatu asubuhi kwa saa zetu, na baba alikuwa amepangiwa zamu mbili mfululizo, kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumamosi saa tisa alasiri. Aliomba kubadilishana na kila mtu. Wenzake walimhurumia sana, wakidhani hiyo fainali ni harusi ya mtu wa ukoo, lakini Jumamosi hiyo hakuna aliyekuwa na nafasi.

Tena shosho alikuwa kwetu, mama mzazi wa baba, amekuja miezi sita, na Jumatano iliyofuata alikuwa anapanda ndege kurudi Kenya. Muda wote huo baba alikuwa hajapata kukaa naye alasiri moja nzima. Asubuhi ya fainali baba alinipigia kutoka kazini.

"Ume-set hiyo kanda?"

Nilimjibu kwa Kiingereza kwamba tayari, maana watoto wote tulijibu hivyo.

"Sawa. Leo nakutegemea wewe. Nataka nikifika nikae na mum, tukunywe chai, tuangalie game kutoka mwanzo. Hiyo tu. Usiache mtu aniharibie."

Nikaahidi. Sijawahi kupewa kazi kubwa kama ile, hata sasa ninapolipwa mshahara.

Saa tatu ilipofika nikazima televisheni, mashine ikaanza kunguruma taratibu. Shosho alikuwa kwenye kochi, shali mabegani, akikitazama kile kioo cheusi.

"Mbona umezima?"

Nikamweleza sheria, kwa Kiswahili changu cha kubahatisha. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema hajavuka bahari aje kukodolea kioo. "Washa. Mimi si mtu wa kusema-sema." Ungemkatalia wewe? Nikawasha, na kwa kuwa nilikuwa nimeshakaa, nikatazama.

Tulifunga mapema, bao la kichwa. Shosho hakujua jina la mchezaji hata mmoja, lakini hadi mapumziko alikuwa ameshachagua wa kwake, beki mmoja mrefu aliyemwona kama mtoto wa watu anayeonewa. Tukaongoza, tukaongoza, nikaanza kujiona nikimfungulia baba mlango kwa uso wa sherehe. Dakika ya themanini na nne wakasawazisha. Dakika ya themanini na tisa wakatufunga la pili. Nililia. Shosho hakulia, alikasirika. "Kwani hao hawajui huyu mtoto yuko kazini?" akaiuliza televisheni, na mtoto aliyemaanisha ni baba.

Sasa nilikuwa na uso ambao ungesomeka kutoka barabarani. Nikaenda kuunawa kwa maji baridi. Simu ikaanza. Nilijua ni anko aliyekaa mji wa Savage, rafiki ya baba tangu shule, shabiki wa hao waliotufunga, naye nyumbani kwake alikuwa na dishi. Nikauweka mkono wa simu kando, ilie huko kwake hadi achoke. Lakini mtu aliyeshinda fainali hachoki. Saa tisa na robo nilichungulia dirishani nikaliona gari lake linaingia kwenye maegesho, na skafu ya timu yake imebanwa na kioo cha mlango. Kutoka Savage hadi kwetu ni mwendo. Alikuwa ameendesha njia yote hiyo kwa ajili ya kucheka.

Alibonyeza kengele ya mlango wa chini. Nikamwambia baba hajafika.

"Hakuna shida, baby girl. Nime-park hapa nje, nitam-wait."

Nilishuka ngazi mbiombio hadi kwa mzee wa chini, nikamweleza huku nahema kwamba huyo mtu aliye nje anajua matokeo, na baba hayajui. Mpira wetu mzee hakuuelewa, lakini hilo alilielewa hata kabla sijamaliza. Alivaa kofia yake ya zambarau akatoka. Nikamwona akimshika anko mkono, akimwelekeza kwenye benchi la upande wa pili wa jengo, kisha akaanza kumfafanulia kanuni za mpira wao, tangu mwanzo, akichora hewani kwa vidole. Anko alikuwa Mkenya aliyelelewa kama mimi. Mzee wa watu akiwa bado anaongea, humwachi ukaondoka. Alikaa pale akiitikia kwa kichwa, skafu mapajani.

Baba alifika saa tisa na nusu, akapitia mlango wa nyuma. Redio ya gari alikuwa ameizima tangu kazini. Macho yalikuwa mekundu kwa usingizi, lakini alitembea kama mtu anayekwenda kuposa. Nilikuwa nimejifunika blanketi hadi puani, nikasema nina mafua. Hakunitazama mara mbili. Akanawa, akabadili shati, akaleta chai na mandazi yaliyokaangwa na shosho asubuhi, akaketi karibu na mama yake, rimoti mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu saa tano nikavuta pumzi vizuri. Nilikuwa nimeweza.

Kwetu hakuna kikombe kinachoguswa kabla ya sala, na mkubwa akiwepo ndiye anayeombwa. Baba akaweka rimoti chini. "Mum, tuombee."

Tukafumba macho. Shosho hakuwa mtu wa sala fupi.

"Baba Mungu, tunakushukuru kwa siku ya leo. Asante kwa kumrudisha mwanangu salama kwa hizo barabara zao. Wabariki wale wazee anaowashika mkono, na mwenye maumivu umpunguzie. Bariki chai hii. Umkumbuke mama ya watoto huko hospitali. Na Bwana, umpe huyu kijana wangu moyo wa kuvumilia hayo mabao mawili ya mwisho, maana wewe uliona, wale watoto walikuwa wamechoka. Katika jina la Yesu."

"Amina," nilisema mimi na blanketi langu.

"Amina" ya baba ilichelewa. Nilifungua jicho moja. Alikuwa bado ameinamisha kichwa, mikono imeshikana, na mabega yakianza kutikisika. Nilidhani analia. Nikakimbilia jikoni, na shosho akanifuata kuchukua sukari.

"Shosho, umemwambia," nilinong'ona.

"Nani, mimi?" Alishangaa kweli. "Mimi nilikuwa naongea na Mungu. Kama kuna mtu alikuwa anasikiliza, hiyo ni shauri yake."

Tuliporudi, baba alikuwa ameshawasha. Kumbe alikuwa anacheka. Aligonga kochi ili nikae. Lile bao la kichwa lilipoingia aliruka akapiga kelele ambazo zilitikisa vikombe, akamwinua mama yake kwa mikono miwili, na shosho akapiga vigelegele kana kwamba hajawahi kuliona. Alimwonyesha baba yule beki mrefu wake. Baba akamwambia mambo yote ya huyo beki, kwao wapi, aliumia goti lini. Wakaongea kuhusu Nyahururu, redio ya jirani iliyokuwa ikisikilizwa na mtaa mzima, viatu alivyovirarua kwa mpira akaadhibiwa. Sikuwahi kumsikia baba akiongea kwa muda mrefu hivyo. Mimi nilihesabu dakika.

Ilipofika dakika ya themanini na tatu, baba aliusoma uso wangu, akachukua rimoti akazima. Mashine ikasema tak.

"Mum, tuishie hapo. Tunaongoza."

Shosho alifikiri kidogo. "Eeh, imetosha. Na hii chai imepoa."

Anko aliponusurika na kupanda juu, alikuwa amechoka na amejua mengi kuhusu mpira wa Marekani, lakini kicheko chake alikuwa bado amekihifadhi. Baba alimfungulia mwenyewe. "Tumemaliza kuangalia," akamwambia. "Tumeshinda moja bila." Anko akageuka kwa shosho, mzee wa kanisa, mama ambaye tangu utoto wao hakuwahi kudanganya hata kuhusu umri wa kuku.

"Moja bila," alisema shosho akimmiminia chai. "Nimeona na macho yangu."

Ungemfanya nini mama wa watu? Anko alikunja skafu akaitia mfukoni, akachukua andazi.

Jumatano shosho aliondoka, na hakurudi tena Marekani. Miguu ilikataa safari. Lakini kila Jumapili kwenye simu, baada ya kuuliza habari za kila mtu, alimuuliza baba, "Bado tunaongoza?" na baba alimjibu, "Bado, mum." Waliendelea hivyo miaka minne, hadi alipofariki. Tangu hapo baba hajapata mtu wa kumuuliza hivyo, nami sijathubutu kujaribu.

Mzee wa chini naye ametangulia. Jengo limepakwa rangi, madishi yote yameng'olewa, na baba amestaafu akiwa na simu ambayo inamwambia kila bao kabla hajavaa miwani. Nazitamani zile saa za kutokujua. Kutwa nzima ungeweza kuishi kama mtu ambaye hajafungwa.

Kanda bado anayo, kwenye sanduku la viatu, imesimama palepale tulipoizima. Mashine ya kuichezesha iliharibika zamani. Juzi nilimwambia kuna watu wanaozihamishia kanda za zamani kwenye kompyuta, nikajitolea kuipeleka. Akaigeuza mkononi, akaniuliza kama wataanza kwa kuirudisha nyuma. Nikamwambia ni lazima, wakishairudisha ndipo waichezeshe yote hadi mwisho.

"Basi iache," akasema, akairudisha kwenye sanduku, akalifunika.