Mafuta ya Nazi Siku ya Mashine

Mume wangu alikata mikoko na kuchoma chokaa kule Kiongoroni mpaka moshi ukamharibu mapafu. Tulipohamia Kibiti alikuwa akivaa shati kwa vituo, akivuta pumzi kila mkono. Haja yake ilikuwa moja: kwenda sala ya Ijumaa kwa miguu yake. Msikiti tunauona kutoka mlangoni, lakini alipelekwa kwa bodaboda, na hilo lilimuudhi kuliko kukohoa.

Hospitali, binti wa mazoezi ya viungo akatueleza kwamba mapafu hayatapona, ila miguu yenye nguvu humpunguzia mtu kuhema. Mume wangu angekanyaga pedali za baiskeli isiyokwenda popote, huku mashine ndogo ikimpa umeme kidogo mapajani ili misuli ijikaze.

Tulifuatana na mtani wake, rafiki wa tangu ujana. Mume akapandisha kikoi, binti akabandika vibandiko vya mashine, vikateleza vikaanguka. Akabandika tena, vikaanguka tena.

"Baba, umejipaka nini?"

Mume akanitazama. Asubuhi ile nilikuwa nimemkanda mafuta ya nazi tangu nyonga hadi kisigino. Kwetu mwanamke hamtoi mumewe nyumbani miguu imepauka, sembuse anakwenda kuvuliwa nguo mbele ya watu.

"Shemeji alitaka kukukaanga," mtani akasema. "Kasahau chumvi tu."

Binti akamsugua kwa sabuni. Safari hii vikashika, na mapaja yakaanza kurukaruka.

"Yarabi! Nani ananitikisa?"

"Kanyaga pedali, baba."

"Mke wangu, hii miguu si yangu!"

"Basi usiirudishe," mtani akasema. "Yako ilikuwa mibovu."

Tukaenda wiki baada ya wiki, na siku hizo mafuta niliyaacha, kwa aibu. Kama ni umeme au ni baiskeli, sijui, nisidanganye. Ijumaa moja alikataa bodaboda. Nikamfuata kwa mbali na ndoo tupu, kana kwamba nakwenda bombani. Alisimama mara tatu. Aliingia msikitini hotuba imeshaanza.

Alifariki masika yaliyofuata, kwa kifua kilekile. Jeneza lilipoinuliwa kwenda msikitini, mtani akapaza sauti: "Mtazameni mvivu, leo kabebwa!" Watu wakacheka, nami nikacheka ndani ya khanga. Kisha akatia bega lake chini ya jeneza, akasema taratibu, "Lakini njia hii aliimaliza mwenyewe. Nilimwona."

Nami nilidhani aliyeona ni mimi peke yangu.