Mama Msumeno na Magari Mawili Yaliyogongana Mlimani

Asubuhi, kabla yadi ya vyuma chakavu haijachangamka, Mama Msumeno anazima grenda ya kukatia chuma, anavua miwani ya kinga na kuketi ndani ya gari ambalo halina tena pua. Boneti imekunjamana hadi kwenye kioo. Anavuta mlango wa dereva, unajifunga. Anausukuma, unafunguka.

"Umeona?" anasema kwa sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. "Kila siku naujaribu, na bado siamini."

Ana miaka hamsini na moja. Kumi na tisa kati ya hiyo ameipitisha hapa, akifungua magari yaliyogongana: milango huku, vioo kule, chuma kwenye mizani. Jina alipewa na mafundi wenzake, nalo likaganda. Siku hizi hata binti yake akipiga simu ofisini humuulizia Mama Msumeno.

Mwezi uliopita brekidauni, lile gari la kuvuta magari mabovu, ilileta magari mawili siku moja. Yalikuwa yamekutana uso kwa uso kwenye kona ya mlimani, mvua ikinyesha. Yote ni magari ya familia, yale ya juu yenye mlango mkubwa nyuma. Moja ni la kijani, kubwa, la kumfanya mtu ageuke njiani kulitazama. Jingine ni jeupe, dogo kidogo. Mafundi wa yadi huliita boksi la karatasi.

La kijani lilikuwa na dereva peke yake. Pua ya gari haikuharibika sana, lakini nguzo ya mbele, ile inayoshika kioo na paa, ilipinda, dashibodi ikarudi nyuma na kumbana miguu. Waokoaji walilazimika kukata chuma kumtoa. Yu hai, anajifunza kutembea upya.

Jeupe lilibeba mama na watoto watatu. Pua yote ilisagika. Wao walitoka kwa miguu yao.

"Nililizunguka lile jeupe sijui mara ngapi," anasimulia. "Natafuta damu, sioni. Nikakuta biskuti kwenye kiti cha mtoto. Biskuti nzima, haina hata ufa! Nikakaa chini palepale."

Wiki hiyohiyo mkwewe, fundi makochi, alimjia pamoja na mkewe, furaha tele. Mkewe ana mimba, familia inakua, na yeye amepata gari la kununua. Aina ileile ya lile la kijani.

"Mama, lile ni jumba," alimwambia. "Ukiwa mle ndani nani atakugusa?"

Mama Msumeno hakutaka kumvunja mkwe moyo mbele ya mkewe. "Nikamwambia, baba, mimi sina neno. Ila Jumamosi nipitieni kazini mnisalimie."

Wakaja. Akawaonyesha la kijani kwanza. Mkwe akainama kutazama nafasi iliyobaki kati ya usukani na kiti. Ngumi yake ilipita kwa shida. Walipofika kwenye jeupe, akacheka.

"Lakini Mama, hili ndilo limepondeka zaidi!"

"Ndiyo. Limepondeka lote mbele, ili pigo lisiwafikie watu. Ile nguvu ya kugongana lazima iende mahali, mwanangu. Hapa imeishia kwenye chuma. Kule imeishia kwenye miguu ya mtu."

Mkwe hakushawishika. Walikuwa bado wakivutana pale mwanamke mmoja alipoingia getini, mkono umefungwa bandeji. Ndiye aliyekuwa dereva wa lile jeupe.

Hakusalimia mtu. Aliweka kiganja juu ya paa, akatulia. Kisha akashika kitasa na kufungua mlango.

"Ndivyo nilivyoufungua siku ile," alisema. "Sikusukuma kwa nguvu. Ulifunguka tu, kama vile tumefika nyumbani."

Binti yake Mama Msumeno alikuwa analia. Mkwe akavua kofia.

"Mikanda mlifunga, dada?" aliuliza taratibu.

"Wote. Yule mdogo aligoma, nikamfunga kwa ugomvi."

Alikuja kuchukua kiti cha mtoto, lakini Mama Msumeno alimkatalia. "Hiki kimeshabeba kishindo kimoja, mama. Usikitwishe cha pili. Mtafutie kingine kipya." Wakakumbatiana, wanawake wawili wasiojuana.

Mama Msumeno hapendi watu wadhani magari makubwa yote ni mabaya. "Yapo yanayolinda watu vizuri sana. Ila ukubwa peke yake haukwambii kitu. Tazama nguzo, tazama mikanda, ulizia mifuko ya hewa."

Mkwe aliacha lile jumba. Alipokwenda kutazama gari jingine, aina ya lile jeupe, alimchukua mama mkwe, naye akalala chali chini ya gari kuhakikisha halijawahi kukatwa na kuungwa. Sasa limeegeshwa nyumbani.

Na hapo ndipo Mama Msumeno anapotoboa siri: hajawahi kuendesha gari maishani.

"Nimeyajua yakiwa yamekufa tu," anasema. "Nilikuwa nayaogopa. Lile jeupe limenitoa woga."

Ameandikishwa shule ya udereva, na Jumapili mkwe humfundisha kurudisha gari nyuma katikati ya yadi. Nia yake ni moja: binti akijifungua, awatoe hospitali yeye mwenyewe, mjukuu akiwa nyuma kwenye kiti chake, amefungwa vizuri.

Mwalimu wake analalamika kwamba anaendesha polepole mno.

"Mwache aseme," anajibu, akivaa tena miwani. "Siku hiyo nitakwenda polepole zaidi."