Ijumaa ya Mabaki ya Bata Mzinga

Ami yangu, mdogo wake baba, ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, na tangu Jumamosi sijapoa. Dakika tatu nzima anashusha pumzi. "Enzi za bibi yenu watu walikuwa watu. Jirani alikuwa ndugu. Nani anakumbuka yale mapishi yake ya mabaki ya bata mzinga? Wewe binti ulikuwa msaidizi wake jikoni, hebu waandikie wenzio." Mabinamu wakamwaga mioyo myekundu na vikatuni vya machozi. Nikaiweka simu kifudifudi kabla sijaandika nitakachojutia.

Basi nitaandika, ila si kule. Nakuandikia wewe, ambaye tumejuana siku nyingi, kwa sababu nikianza na bizari nitafika jalalani, na kule kundini hakuna anayetaka habari za jalala.

Tulikaa Beltsville, Marekani, kwenye jengo la matofali mekundu la ghorofa tatu, na zulia la ukumbini lilikuwa limekunywa vitunguu vya kila taifa. Sisi tulikuwa chini: baba, mama, bibi, ami na mimi. Juu yetu alikaa mama mmoja wa Kikongo na watoto wake. Yeye na mama yangu walifanya kazi pamoja nyumba ya wazee, wakibadilishana zamu na watoto, nami nimelala kwake usiku mwingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Bibi, aliyetoka Unguja ameshakuwa mtu mzima na hakuwahi kuipenda baridi, alikuwa akisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ndugu zetu wote walikuwa ng'ambo. Fimbo yetu ya karibu ilikuwa huyo jirani wa juu.

Siku ya Shukrani, ile Alhamisi ya Novemba ambayo Wamarekani hula bata mzinga, tuliiendesha kwa ushirika. Baba alikwenda shamba moja nje ya mji ambako unamchagua ndege akiwa hai, akamchinja mwenyewe kwa mkono wake, bismillahi, akamleta. Oveni yetu sisi ilikuwa kabati la masufuria. Nadhani bibi alikufa haamini kuwa kitu kile kinawaka moto. Jirani ndiye aliyejua kuoka, kwa hiyo bata mzinga alipanda juu Jumatano, na Alhamisi tukala kwake na watu wa kanisa lake, wakiimba mpaka vioo vinatikisika. Alikuwa na trei moja kubwa ya kuokea ambayo haikuguswa na kitu kingine mwaka mzima. Aliifunga ndani ya mfuko na kuiweka juu ya friji, na mtoto wake akiikaribia alipigiwa kelele. Ilikuwa trei ya bibi. Hakuna aliyemwomba afanye hivyo. Aliona mwenyewe kwamba jikoni mwake hupita nyama ambayo sisi hatuli, akaona na dawa yake.

Ijumaa ilikuwa yetu. Trei ilishuka na mifupa na manyamanyama yake, na bibi akafunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kugombana. Tuseme ukweli, nyama ya bata mzinga ya siku ya pili ni kutafuna kitambaa. Bibi alijua hilo na hakumsamehe yule ndege. "Nyama baridi inataka mpishi mkali," alisema, na mimi nikakaa chini kwenye gazeti nikichambua, vidole vimeganda mafuta.

Mifupa ilikwenda kwenye sufuria kubwa na tangawizi, pilipili manga na ndimu nyingi, ikachemka mpaka madirisha yakalia maji. Supu hiyo tuliinywa asubuhi na chapati. Nyama nyeusi ya mapaja iliingia kwenye mchuzi wa nazi, nazi ya kopo, ambayo bibi aliilaani kila alipoifungua. Ile nyeupe ya kifua, ile kavu isiyo na adabu, aliikatakata ndogo ndogo, akaikaanga na vitunguu, bizari, pilipili mbichi na kotmiri, akaifungia kwenye manda. Sambusa arobaini, wakati mwingine hamsini. Vilivyobaki vilipondwa na viazi, vikawa katlesi za Jumamosi. Na ngozi aliikaanga mpaka inalia kama kuni kavu, akampa aliyechambua, yaani mimi, nile kabla mtu hajaona. King'ora cha moshi kilipiga kelele kila mwaka. Nilikuwa na kiti changu maalumu cha kupanda na kukipepea kwa taulo.

Alasiri nilipandisha sahani ya sambusa juu, halafu mlango wa pili, halafu wa tatu. Jengo zima lilikula Ijumaa yetu.

Haya, mapishi ndiyo hayo. Sasa sikiliza lile ambalo ami hakulitia kwenye ujumbe wake.

Mwaka niliotimiza miaka kumi, baba alisafiri kwenda kumzika binamu yake. Kazi ya kwenda shamba akamwachia ami, aliyekuwa na gari, leseni na wiki nzima ya kujiandaa. Ami wakati huo ndiyo kwanza ameshika dini kwa mikono miwili, na sina neno na hilo, aliyeshika dini kashika jambo la heri. Lakini shamba hakwenda. Jumatatu kachoka, Jumanne kesho, Jumatano akalala mpaka adhuhuri, akaamka na kusema mashamba yatakuwa yamejaa watu. Mama akapanda juu kuomba radhi kwa jirani. Kwa hiyo Alhamisi ile jirani akaoka bata mzinga aliyegawiwa kanisani, wa barafu, kwenye trei nyingine. Sisi tukabaki chini, tukala wali na maharage. Bibi akasema hakuna kilichoharibika, Mungu akipenda mwakani.

Ijumaa mchana bibi alikuwa chumbani anasali, mama yuko kazini. Mlango ukagongwa. Nikafungua, na jirani amesimama na ile trei ya juu ya friji, imefunikwa karatasi ya fedha, moshi unatoka pembeni, mikononi kavaa glavu za oveni.

"Mutoto, sikiya muzuri," akaniambia. "Mwambie mama mukubwa, bibi yako, hii haiko ile ya ku église, ya kanisa. Hii ni kuku ya halali, nilienda kuitafuta ku duka ya ba Somali. Nimesema Ijumaa yake isipite bure."

Nikaipokea kwa taulo. Ndipo ami akaingia kutoka msikitini, kanzu nyeupe, kofia, harufu ya udi. Asubuhi alikuwa ametupa taka, akaona pipani mfuko wa yule bata mzinga wa kanisani, na alikuwa ameshahukumu tangu asubuhi.

"Siku ya Ijumaa?" akasema. "Unatuletea haramu mpaka mlangoni?"

"Papa, ngoja kwanza, unisikilize..." jirani akaanza.

Hakungoja. Akaninyang'anya trei, akatoka nje kwenye baridi, akafika kwenye jalala la jengo na kuitumbukiza yote, kuku na trei. Kishindo cha bati nilikisikia tukiwa mlangoni. Jirani alisimama na zile glavu mikononi, halafu akapanda ngazi polepole.

Na mimi? Ile sentensi ilikuwa mdomoni mwangu. Ni kuku, ami, ni halali, kaniambia. Maneno matano, sita. Nilikuwa na miaka kumi na nilimwogopa, hilo ni kweli, na watu wazima niliowasimulia wote wamenisamehe haraka haraka. Sikuwaomba msamaha wao. Nilijua, na nikanyamaza, na nikamwona mwanamke aliyeniogesha utotoni akipandishwa ngazi na aibu isiyo yake.

Bibi alipotoa salamu ya kumaliza sala, nilimwambia nikilia. Alivaa ndara zake, hakuvaa koti, akatoka mpaka jalalani, mwanamke wa miaka sabini, akashika ukingo wake na kuivuta trei kwa fimbo ya ufagio. Akaiosha kwa maji moto mara tatu. Ami alikuwa bado anahutubia sebuleni kwamba yeye alikuwa akilinda nyumba. Ndipo bibi akageuka.

"Hata ingekuwa haramu," akamwambia, "haramu ingekuwa nyama. Jirani hakuwa haramu. Na shamba, mwanangu, ulitumwa wewe."

Tukapanda juu, yeye na mimi. Jirani akafungua, akaipokea trei, akasema, "Hakuna neno, mama," kwa sauti nzuri kabisa. Bibi akaomba radhi kwa Kiunguja chake, na jirani akajibu kwa Kiswahili chake cha Kongo, wakashikana mikono, na nilidhani yamekwisha. Ijumaa iliyofuata bibi akapika sambusa za nyama ya ng'ombe, akanituma nizipandishe. Jirani akafungua mlango nusu. "Aksanti, mutoto," akasema. "Tulishakula."

Nyumba ile haikuwahi kuniambia imeshakula. Wakiwa wanakula, walinisogezea kiti. Wakiwa wameshiba, walipokea na kuweka kando. Nikashuka na sahani imejaa, bibi akaitazama, akaketi.

Ami hakupanda zile ngazi. Siku ile hakupanda, wala mwezi ule, wala masika, jirani alipopakia vitu vyake kwenye gari la kukodi akahamia jimbo jingine, na mama akapoteza namba yake simu ilipoharibika. Bibi aliishi miaka mingine tisa na hakupika tena Ijumaa ile. Wakimletea bata mzinga alikula kipande, akasema alhamdulillahi, akaomba chai.

Kwa hiyo ami asiniimbie ujirani. Nina hasira naye, nina hasira na mioyo myekundu ya mabinamu, na nina hasira na jinsi mtu anavyoweza kukivunja kitu kwa mikono yake kisha, nywele zikishageuka nyeupe, akakaa kitako kukililia kana kwamba kilichukuliwa na mafuriko.

Lakini ngoja nikumalizie, maana nimeanza kusema ukweli na siwezi kuishia njiani.

Ijumaa hii iliyopita, Rockville ninakokaa sasa, nilichambua mabaki yangu. Nikakata kifua kidogo kidogo, nikakaanga bizari, nikafunga sambusa arobaini kwa sababu mikono haijui kufunga kumi. Wanangu wakala tatu tatu wakaniambia kwa Kiingereza wameshiba. Nikapanga zilizobaki kwenye sahani, nikatoka nayo ukumbini. Milango kumi na miwili, miaka minne nipo hapo. Simjui mtu wa mlango hata mmoja kwa sura. Nilisimama nikifikiria nitasema nini, mimi ni nani, hiki ni nini, kimechinjwa vipi, kina karanga ama hakina, na watanitazamaje kwenye kile kitundu cha mlango. Lifti ikafunguka, akatoka kijana na mbwa wake, akanisalimu kwa kichwa. Nikarudi ndani.

Jumapili nilizitupa. Sambusa thelathini na moja, nimezifunga vizuri kwenye mfuko mweusi, nimezipeleka jalalani mwenyewe. Hakuna aliyeninyang'anya.