Kadi za Kura Sandukuni kwa Bwana Salumu

Mwanangu, naikumbuka siku ile pale Kidete, vyama vingi vikiwa bado vigeni masikioni mwetu. Nilikuwa binti mbichi, na kesho yake ningepiga kura kwa mara ya kwanza. Ila kadi sikuwa nayo mkononi.

Usinicheke. Sisi wa kando ya Mkondoa tulikuwa na desturi: vitu vya thamani tuliviweka kwa mwenye nyumba ya juu mlimani, mafuriko yasije yakavizoa. Wengi tuliviweka kwa Bwana Salumu, mwenye duka, katika sanduku lake la bati. Vyeti, kanga za arusi, na mwaka ule kadi za kura pia. Alitutunzia miaka mingi bila kudai chochote. Siku hiyo akatangaza kwamba kadi atazitoa asubuhi ya kura, tena kwa watakaoahidi kumpigia rafiki yake aliyegombea udiwani.

Mimi nikaona sawa. Wema hauozi, nikamwambia shangazi Mwanaidi, tumlipe fadhila.

Shangazi akaacha kutwanga. "Uliyempa mbuzi akutunzie, ndiyo umempa amchinje? Jifunge kanga, twende."

Tukapita nyumba kwa nyumba, tukafika dukani kina mama tele. Shangazi akamsalimia kwa heshima zote, kisha akasema, "Bwana Salumu, tumefuata vyetu."

"Dada yangu, na mafuriko je? Huku viko salama."

"Kiangazi hiki? Mto wanauvuka hata mbuzi! Wewe unaogopa maji gani?"

Watu wakaangua kicheko, na mwenyewe akacheka kwa aibu. Sanduku likafunguliwa. Kesho yake nikapiga kura, na niliyemchagua sikumwambia hata shangazi. Nilijiona mtu mzima, wallahi!

Leo nikienda Kilosa mjini naona vijana wanamwekea wakala wa laini za simu dole gumba tena na tena bila kuuliza kwa nini. Namba ya siri wanaitaja kwa sauti. Ukiwakanya, "Bibi, mimi sina cha kuficha." Shangazi naye hakuwa na cha kuficha, alikuwa na kilicho chake. Na sasa ipo mitambo inayoiga sauti ya mtu hadi mkewe adanganyike. Mimi siiogopi, simu naijua kuliko baba yako, lakini tahadhari kabla ya hatari.

Basi shika haya. Anayekutunzia taarifa zako mshukuru, ila hazijawa zake. Muulize anazifanyia nini, na akikuzungusha, dai haki yako. Sauti ya kiongozi ikikufikia simuni wakati wa uchaguzi, ihakiki kabla hujaisambaza. Wala usidai peke yako, maana kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Mtaweza, sina wasiwasi hata kidogo.

Mungu akupe macho ya kuiona hila na kinywa cha kuikataa, na kura yako ibaki yako hadi mvi zikujae. Amina.