Mtu Mzima Asiseme

Niliingia skauti nikiwa na miaka ishirini na sita, umri ambao wenzangu walikuwa wamekwishasahau kwamba waliwahi kuvaa skafu. Mimi sikuwahi kuivaa. Shule niliiacha darasa la sita, nikawa utingo wa malori ya Wakenya yaliyopita Jinja, kisha nikapakia samaki Wanyange, ufukweni mwa ziwa, kisha nikafanya hiki na kile. Kilichonipeleka skauti ni kamba. Jumamosi moja, katikati ya miaka ya tisini, nilikuwa napita nyuma ya kanisa nikaona vijana wanafunga magogo mawili kwa fundo ambalo kila wakilivuta linafunguka. Nikasimama. Sijawahi kuweza kupita kitu kinachofanyika bila kukitazama. Mwisho nikaruka ukuta mfupi, nikawaonyesha fundo tulilofungia turubai kwenye malori.

Mtu mzima aliyekuwa pamoja nao alikuwa askari magereza kutoka kaskazini, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alilijaribu lile fundo kwa mguu.

"Nani nafundisha wewe hii?"

"Dereva mmoja Mkenya, Afande."

"Jumamosi ingine rudi. Saa mbili kamili. Viatu funga kamba."

Nikarudi, na nikaendelea kurudi.

Vijana wetu walikuwa watoto wa askari magereza, polisi na wanajeshi, kila mmoja na lugha ya kwao, kwa hiyo kiwanjani tulisema Kiswahili. Majirani hawakukipenda. Mama mmoja aliyeuza mihogo ya kukaanga karibu na lango aliniambia wazi: "Nyinyi mnafundisha watoto lugha ya bunduki." Mimi Kiswahili nilikipata kwenye mizaha ya madereva, lakini nilimwelewa. Watu wengi wa umri wake walikisikia mara ya kwanza mlangoni, vinywani mwa wanajeshi, kikiamuru mtu atoke nje, na baadhi ya waliotoka hawakurudi.

Nilidhani kazi ya mtu mzima katika skauti ni kufundisha. Afande alinirekebisha mapema. Vijana hugawanywa katika vikosi vidogo, kila kikosi kina kiongozi wake, kijana kama wao, na huyo ndiye anayeongoza. Sisi wakubwa tunaangalia tu asife mtu.

"Kazi yako ni kufunga mdomo," aliniambia. "Hiyo nashinda fundo yote kwa ugumu."

Alisema kweli, na aliyelipa gharama ya mdomo wangu ni kiongozi wa kikosi cha kwanza. Alikuwa mtoto wa mpishi wa magereza, mwenye miaka kumi na saba, mzito wa kusema, anayefikiri kabla ya kujibu mpaka wengine wanacheka. Alibakiwa na mtihani mmoja kupata beji ya juu: kuongoza kikosi chake katika nchi asiyoijua, kwa kufuata alama zilizowekwa na mtu mwingine. Mshale wa vijiti, jiwe dogo juu ya jiwe kubwa, nyasi zilizofungwa fundo na kulazwa upande wa kwenda. Njia huishia kwenye mduara wa mawe wenye jiwe moja katikati. Maana yake: nimekwenda nyumbani. Kikosi kizima kikisimama ndani ya mduara, mtihani umekwisha. Na kuna sharti moja: mtu mzima asiseme. Akisema neno, hata moja, njia imefungwa.

Mara ya kwanza alijaribu Wanyange. Alipofika kwenye matete akasita, akageuza kichwa huku na huku, na mimi nikapiga kelele: "Kushoto!" Afande alifunga daftari lake hapo hapo. Kijana hakulalamika. Wiki nzima ilipita ndipo akaniambia, kwa upole kabisa, "Afande mdogo, nilikuwa najua ni kushoto. Nilikuwa nangoja yule wa nyuma afike."

Alibakiwa na wiki tatu kutimiza miaka kumi na minane, na baada ya hapo beji ile haitolewi tena. Afande naye alikuwa amepata uhamisho. Wenye kanisa walisema watatuachia kiwanja ikiwa tu atakayebaki na vijana ni mtu aliyefuzu, mwenye beji ile. Mimi nilikuwa sijafuzu kitu chochote duniani. Kwa hiyo ilikuwa yeye, au basi.

Mtihani wa pili tuliupeleka Mbale. Kule kulikuwa na mwalimu wa kike aliyeishi chumba cha kupanga Namakwekwe, mwenye kundi lake la skauti. Alikuwa mcheshi, na Kiswahili chake kilinyooka kwa sababu alikulia karibu na mpaka wa Kenya. Yeye ndiye aliyeweka alama siku ya Ijumaa, kwenye mteremko wa mlima Wanale, na alikuwa atembee nasi kama mtazamaji. Afande alitangulia kwenye mduara na daftari lake. Mimi nilipewa kazi ya nyuma kabisa, yaani kufuta. Ni desturi yetu: kikosi kikishapita alama, wa mwisho anaivunja, ili mtu mwingine asije akaifuata njia isiyo yake.

Jumamosi tulianza saa tatu asubuhi. Kiongozi aliwapa vijana wake sita zamu, kila mmoja asome alama yake kwa sauti, wenzake wasikie. Tulipita migomba, tukapita kahawa, mbuzi wakatutazama. Kila walipopita, nami nilitawanya vijiti, nikapiga teke mawe, nikafungua nyasi. Kazi nyepesi, na mdomo wangu niliufunga kama mfuko wa saruji.

Ukungu ulishuka kutoka juu bila upepo. Kwa muda mfupi tukawa hatuoni zaidi ya watu watatu mbele. Hapo tukafika kwenye mshale wa vijiti uliogeukia kulia, kupanda. Mwalimu alisimama juu yake, akainama, kisha akanitazama. Akajigusa kifuani kwa kidole, akatikisa kichwa.

Si wangu.

Nikainua mabega. Nilidhani Afande alipopita ameongeza kipande ili kumpima kijana zaidi. Mwalimu aliniambia baadaye kwamba hata yeye alidhani hivyo. Afande alikuwa mtu wa kufanya hivyo kabisa.

Tukapanda. Alama zikaendelea, safi, zimewekwa na mtu anayejua. Nilipofungua fundo la nyasi, mkono wangu ulilowa utomvu. Nyasi iliyofungwa asubuhi na mapema hukauka ncha. Hii ilikuwa mbichi, kana kwamba aliyeifunga ametuzidi hatua kumi tu. Nikanyanyua uso. Mbele palikuwa peupe.

"Jiwe juu ya jiwe," alisoma kijana wa zamu. "Twende mbele."

"Mbona zinakaribiana hivi?" mwingine akauliza. "Huyu mtu ana haraka?"

"Ana haja," wa tatu akajibu, wakacheka, lakini kicheko kilikufa upesi. Sauti za mbuzi zilikuwa zimekwisha. Nilisikia maporomoko ya maji, ambayo asubuhi yote yalikuwa juu yetu. Sasa yalisikika chini. Nilielewa maana yake, na mwalimu naye alielewa, maana alinishika mkono akanibana mpaka kucha zikaingia. Tukatazamana. Kila mmoja alimngoja mwenzake avunje sharti, na kila mmoja alikuwa anafikiria wiki tatu za yule kijana.

Kisha tukauona mduara. Mawe yake yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko mduara wowote niliouona, yamelowa yanang'aa, na katikati jiwe moja. Vijana wakashangilia. Kiongozi akatangulia kwenda kuingia.

"Simama!"

Ilikuwa sauti ya mwanamume, nzito, ya amri, ya mtu aliyezoea kutiiwa. Kikosi kizima kiliganda. Ukungu ukasogea kidogo, kama pazia linalovutwa na mtu aliye upande wa pili, na tukaona kwamba nusu ya mduara ule ilikaa juu ya nyasi zinazoning'inia. Chini ya nyasi hakukuwa na kitu. Ndege alipita pale, chini ya miguu yetu.

Vijana wote sita waligeuka kunitazama mimi. Mwalimu pia. Nilikuwa mwanamume mzima pekee pale. Nilifunika mdomo kwa kiganja, nikatikisa kichwa. Sikuwa nimesema. Nilikuwa nimevuta pumzi ili niseme, hilo nakiri, na neno lilikuwa hilo hilo. Lakini lilipotoka, mimi nilikuwa bado navuta pumzi.

Kiongozi hakunitazama. Alirudi nyuma hatua moja moja, uso wake ukielekea kule kweupe, mpaka akatufikia. Nilitaka kwenda kuuvunja mduara, maana ndiyo ilikuwa kazi yangu. Akanitikisia kichwa nisiende.

"Tunarudi," akawaambia wenzake. "Hii si njia yetu."

"Turudi kwa alama gani?" mmoja akauliza. "Afande mdogo amefuta zote. Amefuta mpaka nyayo zake mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Kazi pekee niliyowahi kuifanya bila kosa katika skauti ilikuwa imetufungia mlima.

Kijana alichutama, akafikiri, kwa ule uzito wake uliowachekesha wengine. Sisi wakubwa wawili tulisimama tunatetemeka kwa baridi na kwa hamu ya kusema. Kisha akamwelekezea kidole kijana aliyesoma alama ya mwisho. "Yako ilikuwa wapi? Sikuulizi ilisema nini. Nakuuliza ilikuwa wapi."

"Chini ya mti uliokatika. Kulikuwa na sisimizi."

"Tukiuona mti, wewe unakaa mbele. Kabla yako nani?"

"Mimi. Jiwe lenye mstari mwekundu. Nilijikwaa hapo."

"Kabla yake?"

Wakaenda hivyo kinyumenyume, kila mmoja akitoa pahali pake, na tukashuka kwa kumbukumbu zao. Walishikana skafu wasipotezane. Mmoja alikosea, tukazunguka kichaka kile kile mara mbili, akaanza kulia. Kiongozi akamwambia, "Lia ukitembea, bwana," na yule mtoto akalia akitembea, na akapakumbuka. Mara kwa mara nyuma yangu, mahali ambapo hapakuwa na mtu, nilisikia kijiti kikiwekwa juu ya kijiti. Ni sauti ndogo kavu ambayo mtu wa skauti haichanganyi na nyingine. Sikugeuka.

Pale mshale ulipokuwa umetupeleka kulia, mwalimu aliingia nyasi za upande wa kushoto, akajifanya anafunga kiatu. Hakusema wala hakuonyesha kwa kidole. Kiongozi alizunguka eneo hilo mwenyewe, akichutama, mpaka akakuta jiwe dogo lililoangushwa na mbuzi kutoka juu ya jiwe kubwa. Njia ya mwalimu ilianzia tena hapo. Kutoka hapo haikuchukua hata nusu saa.

Afande alikuwa amekaa kwenye gogo katikati ya kahawa, jua linawaka, mduara mbele yake. Tulikuwa tumechelewa kwa saa tatu. Alingoja mpaka wote saba wakasimama ndani ya mawe wakampigia saluti. Kisha akafungua daftari na kuuliza swali la mtihani, ambalo ndilo huulizwa kwanza siku zote.

"Kuna mutu mukubwa alisema?"

Skauti hasemi uongo. Walitazamana. Mdogo kuliko wote akajibu, "Tulisikia sauti ya mwanamume, Afande. Ilisema simama."

Afande akanigeukia. Alinitazama kama alivyonitazama Wanyange.

"Si mimi," nikasema. Hata mimi nilisikia jinsi jibu lile lilivyokuwa jepesi. Mwalimu alifungua mdomo kunitetea, akaufunga. Yeye alikuwa mbele yangu, mgongo wake kwangu. Hakuona.

"Si yeye," kiongozi akasema. "Mimi nilikuwa mbele ya wote. Sauti haikutoka nyuma yangu. Ilitoka mbele."

"Mbele kuna nini?"

"Hakuna kitu, Afande. Hakuna chini."

Afande aliiacha kalamu hewani. Niliona jasho kwenye mdomo wake wa juu. Yeye alikuwa amevaa sare miaka mingi, tangu nyakati ambazo mama wa mihogo hakuzitaja ila kwa kugeuza uso, na hakuwahi kutueleza alikuwa wapi nyakati hizo.

"Hiyo sauti nasema kwa Kiswahili?"

"Kiswahili, Afande. Kama cha kwako."

"Kama hiyo sauti hapana sema, wewe ungesimama?"

Jibu rahisi lilikuwa ndiyo. Nilimwombea alitoe. Kijana alifikiri, kwa uzito wake ule ule.

"Hapana. Nilikuwa nimeshainua mguu."

Afande aliandika kitu, akakikata.

"Na kushuka? Kushuka nani naongoza?"

"Mimi."

"Sauti ingine ilisema?"

"Hakuna. Walisema hawa tu." Akawaonyesha wenzake.

"Na hii mbili?" Afande akatuelekezea kalamu, mimi na mwalimu.

"Walinyamaza mpaka tukawaonea huruma."

Afande akatia sahihi. Akachana ukurasa, akampa kijana kwa mikono miwili, jambo ambalo sikumwona akimfanyia mtu yeyote kabla au baada, akaondoka kuelekea barabarani bila kutungoja.

Mwalimu aliuliza watu wa Wanale kwa miezi kadhaa, akaniletea habari nilipopita Mbale: hakuna kundi lingine lililopanda wiki ile. Wenye mashamba ya juu walimwambia asiulize tena, naye akaacha kuuliza.

Siku ile, Afande alipokwisha kuondoka, kijana aliikunja karatasi yake akaitia mfukoni. Wenzake walikuwa wameanza kuteremka, wakisukumana, njaa imewarudishia utani. Akawaita warudi. Akawapanga mstari, akapita akimgusa kila mmoja kichwani, akihesabu kimoyomoyo. Alipomaliza akaanza upya. Kisha akamgusa mwalimu begani. Kisha akaja kwangu, akaniwekea kiganja kifuani, akakiacha hapo kwa muda, mpaka nadhani aliuhisi moyo ukipiga, ndipo akasema, "Haya, twendeni."