Noti Isiyokunjwa

Siku yangu ya kwanza benki, pale Moshi mjini, Keshia Mkuu alininyang'anya sponji. Nilikuwa nimewaona wenzangu wakilowesha vidole kabla ya kuhesabu, nikadhani kazi ni kasi.

"Weka mikono nyuma," akasema. "Kwanza utazame."

Akafungua bunda, yaani noti mia moja zilizofungwa kwa ukanda wa karatasi, mpya kabisa kutoka kiwandani. Akaiinamisha moja dirishani. Noti iliyowahi kukunjwa, hata mara moja, huonyesha mstari katikati, na mstari huo hautoki hata uipige pasi. Ile haikuwa nao. Pembe zilikuwa kali, wino umeinuka kidogo chini ya kidole. Ninyi vijana mnaolipana kwa simu mtanicheka, lakini nilisisimka mwili mzima. Kesho yake ingekuwa imekunjwakunjwa ndani ya soksi ya mfanyabiashara wa Tarakea, kule mpakani.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini. Bei zilipanda, noti za sura mpya zikatolewa, za zamani zikaondolewa, nami nikaanza kukusanya zile ambazo hazijatumika. Nilipohamishiwa tawi dogo la Rombo, Meneja wa Tawi alinitania: "Wenzako wanaweka akiba ya pesa, wewe unaweka akiba ya karatasi."

Huko Rombo, nikihesabu bunda jipya la shilingi mia mia, nikakuta namba moja imeruka mfuatano na kuanza na herufi tofauti na nyingine. Hiyo ni noti mbadala. Noti ikiharibika kiwandani, huwekwa nyingine badala yake kutoka fungu la pembeni. Nilikuwa nikisikia habari zake tu. Meneja alikubali niweke mia yangu ya kawaida mahali pake, nikaichukua kwa kuishika kingo tu.

Nikaipeleka nyumbani kwa mama, nikaihifadhi ndani ya kitabu chake cha nyimbo ili isipinde. Hapo ndipo nilipokosea. Kwenye nyumba ya Walutheri kama yetu, noti iliyomo ndani ya kitabu cha nyimbo ni sadaka.

Jumapili nilikuwa nimesimama kwenye kwaya nilipoiona mkononi mwa mama, inaingia kikapuni imenyooka. Ibada ilipoisha nikamkimbilia mzee wa kanisa aliyesimamia sadaka, nikamwomba nimpe mia nyingine nichukue ile.

"Mia kwa mia? Sasa unahema nini?"

Sikuweza kudanganya mlangoni pa kanisa. Nikamweleza kwamba ile si pesa ya kutumia, ni kitu adimu, na wakusanyaji hununua kwa bei kubwa.

"Ahaa! Kama si pesa, basi ni kitu," akasema. "Na vitu vya sadaka, mbe bwana, vinakwenda mnadani."

Kwa hiyo noti yangu ilinadiwa nje ya kanisa, baada ya mkungu wa ndizi na kabla ya jogoo. Watu walicheka, mtu ananunua mia kwa mia mbili! Lakini jirani yetu mwenye shamba kubwa la kahawa aliliona jasho langu.

"Mtu wa benki hababaiki bure," akasema, akapandisha bei.

Nikapandisha. Akapandisha. Nilipoipata, nusu ya mshahara wangu ilikuwa imekwenda. Mama alisimama pembeni, kitabu chake cha nyimbo kwapani.

Njiani nikamwuliza, kwa ukali ninaoujutia hadi leo, kwa nini hakutoa noti nyingine.

"Mwanangu," akasema, "miaka yote nauza ndizi na maziwa, na hela inanifikia imeshachoka. Leo nimefungua kitabu nikaona moja ambayo hakuna mtu aliyeikunja. Nikasema, hii siyo ya kupeleka dukani."

Tulitembea hadi nyumbani, nami nikimtazama kama mtu nisiyemjua.

Nilistaafu nikiwa Keshia Mkuu mwenyewe, kisha nikakaa miaka michache kwenye duka la kubadilisha fedha za watalii. Nimewafundisha makarani wengi kuinamisha noti dirishani, na wengi walihitaji wiki nzima kabla ya kuona tofauti. Mama aliiona mara moja, bila miwani, akijiandaa kwenda ibadani. Bado nastaajabu. Wageni walinitajia bei za noti ile nikakataa, lakini kila nilipoitoa kuitazama sikuwa na raha nayo. Kanisa lilipata fedha nyingi siku ile. Sadaka ya mama ndiyo haikufika.

Jumapili ya kwanza baada ya kumzika niliiweka kikapuni kwa jina lake, imenyooka. Mnada ulipoanza sikutoka nje.