Adventina, anayewapeleka watu wa Gitega visiwa visivyo na hoteli

Saa moja asubuhi, kwenye mwalo mmoja, bandari ndogo ya wavuvi wilayani Muleba, Tanzania, Adventina Ndayisenga amesimama majini hadi magotini. Anamfungia abiria wake kamba za jaketi la kuokolea maisha, na abiria mwenyewe hajaridhika.

"Kaza tena, mama. Mi sijue kuogeleya hata kidogo," anasema Cirhuza, Mkongo mwenye duka la vitenge mjini Gitega.

"Nikikaza zaidi, papa, utashindwa kupumua," anajibiwa, na boti nzima inacheka.

Abiria wote watano, mwalimu na mkewe, watawa wawili na Cirhuza, wametoka Gitega, Burundi, wakalala Muyinga, wakavuka mpaka wa Kobero na kufika ziwani jioni ya jana. Hawaendi Zanzibar. Wanakwenda Nyamushenyi, kisiwa ambacho hakuna kati yao aliyewahi kukisikia kabla ya Adventina kukitaja.

"Kila mtu akipata likizo anaota Zanzibar," anasema mama huyu wa watoto wawili kutoka Gasorwe, mkoani Muyinga. "Ni pazuri, sikatai. Lakini ni mbali, na kwa mwalimu ni ghali. Huku kuna mchanga, kuna samaki, kuna mawe makubwa kama nyumba yaliyojaa ndege, na unalala kwa wenyeji. Nani alisema kisiwa ni kile chenye hoteli tu?"

Kazi hii anaifanya na Sylvestre, dereva wa Mutaho mwenye basi dogo. Adventina hutafuta wageni, hupanga malazi, hupika na kuongoza. Husafiri mara nne au tano kwa mwaka, miezi ambayo ziwa lina adabu, na kipato hicho kinasomesha watoto wake bila shamba kuuzwa.

Ukimwona anavyoruka kutoka kwenye boti, huwezi kudhani kwamba kwa miaka kumi na tano mwanamke huyu hakutaka hata kusikia neno ziwa.

Alivuka mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, vita vilipochachamaa Burundi. Mama alifia kwenye kambi ya wakimbizi, Ngara. Baba yake, Longino, akaondoka kambini kimyakimya na binti yake, wakaenda Nyamushenyi kuanika dagaa. Walipata chumba kwa Kasilda, mjane asiye na mtoto. Malaria ilipomchukua Longino, Kasilda hakumrudisha msichana kambini.

"Aliniambia, 'Kuanzia leo unakula kwangu.' Basi. Hakukuwa na kikao," anakumbuka Adventina.

Amani iliporudi na wakimbizi wakaanza kusafirishwa nyumbani, alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yake mdogo alituma habari kutoka Gasorwe kwamba shamba la Longino bado lipo, aje kabla halijapata mwenyewe mwingine. Kasilda ndiye aliyemsukuma aende. Siku ya safari alimtanguliza kwa boti ya asubuhi, akamwambia, "Nageuza dagaa, halafu nakuja na ya mchana nikuage vizuri."

Adventina akamsubiri mwaloni ng'ambo, ambako lori la wakimbizi lingeondokea kesho yake asubuhi. Mchana dhoruba ikapiga.

"Watu walipiga kelele kwamba boti ya Nyamushenyi imezama," anasema. "Hakuna aliyefika nchi kavu. Ziwa likachafuka usiku kucha, hakuna boti iliyotoka. Asubuhi lori letu likaondoka. Nililia mpaka Kobero."

Alilima, akaolewa, akazaa. Baadaye alipata kazi ya kupika kwenye nyumba ya wageni mjini Gitega, na huko ndiko alikozoeana na Sylvestre. Wageni walikuwa wakiulizia mahali pa kupumzikia penye maji.

"Nikamuambia, we uko unajua visiwa, mi niko na gari. Tunangoja nini?" anasimulia Sylvestre. "Akakataa. Karibu mwaka muzima anakataa tu."

Alipokubali, alikuwa na nia moja. "Nilitaka nimwombee Mama Kasilda palepale alipopotelea. Nikishamaliza, nisikanyage huko tena."

Miaka mitatu iliyopita, boti ya safari hiyo ya kwanza ilipogusa mchanga wa Nyamushenyi, mwanamke mmoja alikuwa ameinama kwenye chanja, akigeuza dagaa. Adventina akaganda.

"Mi nikafikiri ni mawimbi imemusumbua," anasema Sylvestre. "Kumbe anaangalia yule mama."

Kasilda aligeuka, akamtazama. "Kumbe njia unaijua," akasema, kwa sauti ya mtu aliyenuna miaka mingi.

"Mama," Adventina akapiga magoti, "mimi nilishakuzika!"

Siku ile ya dhoruba, Kasilda aliona wingu na kubaki kukusanya dagaa zisilowe. Boti ikamwacha. Alipofika mwaloni siku mbili baadaye, lori lilikuwa limekwenda.

"Nikasema mtoto kapata kwao, kanisahau," anasema leo, akipakua ugali wa muhogo na sato kwa wageni. "Kumbe mwenzangu ananikalia matanga, na mimi huku nakula samaki wangu!" Anacheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Adventina anasema mzigo ulimshuka palepale kwenye chanja. "Usiku ule nililala kama mtoto mchanga. Wageni ndio walioniamsha wakidai chai."

Cirhuza, ambaye bado hajavua jaketi lake, anaomba kuongezewa sato. "Mi nilijua kisiwa ni Zanzibar tu. Kumbe kuko na ingine, na watu wake wako wazuri hivi! Nitarudi na bibi yangu, mama ya watoto."

Sasa Adventina anapanga safari ya kuelekea upande mwingine. Krismasi ijayo anataka kumpeleka Kasilda Gasorwe, akaone shamba alilomhimiza kulirudia. Majirani wa kisiwani nao wameanza kuuliza kama kuna nafasi kwenye basi.

"Siku zote tunawaleta watu wa milimani waone maji," anasema. "Watu wa majini nao waje waione milima."

Kasilda, ambaye hajawahi kulala mahali asiposikia ziwa, amekubali kwa shingo upande. Ametaka kujua kama kuna baridi, na ametangaza kwamba hatapitisha wiki mbili.

"Mimi nimemwitikia tu," anasema Adventina, akitabasamu. "Lakini chumba chake nimekijenga kwa matofali ya kuchoma."